Mama, Leo Sijawasha Udi

Mama yangu uliyelala kaburini Kondoa,

Nimeolewa, mama! Hina bado haijafutika vidoleni, na kila Shabani akiniita "mke wangu" nageuka nikidhani anaitwa mwingine mwenye bahati. Tumepanga vyumba viwili Mbagala. Asubuhi ananitekea maji ya kuoga kabla sijaamka. Ungekuwepo ungelia kwa furaha, halafu ungesingizia vumbi.

Chetezo chako nimekuja nacho. Unakumbuka Manzese, ulivyonikalisha mkekani ukanifundisha kuchanganya udi? "Nyumba ya mke ijulikane kwa harufu yake," uliniambia. Basi yangu inajulikana mtaa mzima. Shabani mwenyewe ananihimiza, "Ongeza udi, mke wangu," nami naongeza, najiona malkia. Jirani yetu Mama Zuhura alinitania, "We bi harusi, huo udi au unachoma msitu?"

Chumba cha pili kilikuwa na kufuli. Siku aliponifungulia nilikuta kamba ukuta hadi ukuta, matawi yananing'inia kichwa chini, dirisha limezibwa kwa blanketi. "Dawa ya asili," alisema. "Nimeipanda mwenyewe nyuma ya mihogo. Haitaki jua." Nami kwa mapenzi nikamsimulia mlenda wetu, ulivyoukausha chini ya kitanda, ukautia kwenye kopo, ukalifunua kila asubuhi usiote ukungu. Akanibusu paji la uso. "Mama yako kakulea vizuri."

Kesho yake akaleta makopo. Juzi nilifunua moja, harufu ikanipiga. Ilikuwa ya kile kijiwe cha Manzese, pale ulipokuwa ukinivuta mkono tupite upesi. Ni bangi, mama. Imekaushwa kwa maarifa yako, imefichwa kwa udi wako.

Nilipomuuliza hakukana. "Ni haya tu, yakiisha basi." Lakini nyuma ya mihogo nimeona miche mipya.

Jana bombani nikakutana na mke wa mjumbe wa mtaa. Nikamwamkia.

"Marahaba, bi harusi! Huo udi wako unamfuata mume wangu mpaka barazani kwetu. Kesho alasiri tunakuja naye, unionyeshe unavyochanganya."

Nikacheka. Ndoo ikaniponyoka.

Leo alfajiri nimemweleza Shabani. Akasema, "Washa tu. Washa mara mbili." Akanishika shavu kwa upole uleule ninaoupenda, akaenda kutafuta mnunuzi. Nampenda, mama, hata sasa nampenda. Lakini wanaochukuliwa kwa jambo hili hawarudi upesi, awe mume au mke.

Ningeweza kuyatupa makopo hayo mwenyewe. Angepanda tena. Nataka ayatoe kwa mikono yake, kwa ajili yangu. Nimempigia simu: "Njoo uyatoe, leo siwashi udi." Amecheka. "Usinitanie, mke wangu."

Sijamtania. Mkaa ulikuwa umeshika, nimeumwagia maji. Blanketi nimelishusha, dirisha liko wazi, na harufu imeshafika uani. Mama Zuhura ametoka, amenusa, amerudi ndani bila utani.

Adhana ya alasiri inakaribia. Lala salama, mama, na uniombee hatua za kwanza mlangoni ziwe za Shabani.

Mwanao,
mke wa Shabani