Mi Mwenyewe Nilimukalisha ku Kiti ya Baba

Jumatatu, tarehe tisa mwezi wa tatu. Mvua ya hapa kambini Dzaleka inanyesha tangu alfajiri, ile nyembamba yenye haijazi ndoo lakini inalowesha nguo zote ku kamba. Nimechoka, na si mwili tu.

Mashini nimeifunika na kitambaa. Sijashona hata pindo moja. Bamama babili balipita mbele ya mulango, bakaniona nimekaa mikono mitupu, bakasema pole bila kujua ni pole ya nini.

Jana ilikuwa siku ya banamuke duniani. Bamama ba kwetu bote, ba Bukavu, ba Uvira na ba Fizi, balivaa kikwembe moja, kitenge ya mauwa ya bluu, na karibu zote nilizishona mi. Tulitoka kanisani, tukapanga mistari, tukatembea na nyimbo mpaka uwanjani. Mugeni mwenye alitoka Lilongwe akatuambia dunia imefika mbali. Akasema Tanzania rais ni mwanamuke, kwetu Congo waziri wa kwanza ni mwanamuke, hapa Malawi pia mwanamuke alishaongoza inchi. Tulipiga vigelegele. Mi nilipiga kwa moyo wote, sitaki kusema uongo. Wakati mama yangu anaolewa, mwanamuke wa Congo hakuweza hata kufungua duka kama bwana hajakubali. Tumetoka mbali kweli.

Kisha nikarudi nyumbani kuponda majani ya muhogo na kupika sombe ya konsei, kikao ya familia.

Maana jana hiyohiyo njo tulimaliza kilio ya baba. Alitaka kuzikwa Bukavu, karibu na mama. Lakini Bukavu iko mikononi mwa bantu ba bunduki, hakuna njia ya kupeleka mufu, tukamuzika hapa. Parselle yetu kule, kiwanja na nyumba, hatujui nani analala ndani. Kwa hiyo siku ya kugawa bitu bya marehemu ilipofika, kitu cha kugawa kilikuwa kimoja tu, mashini ya kushona.

Baba alikuwa fundi. Macho ilipoanza kumusumbua, yeye alikata, mi nilishona. Ilipokataa kabisa, nikakata na kushona mi mwenyewe, na yeye alikaa kando ku kiti yake, anasikiliza. Aliweza kuniambia uzi umelegea kabla mi sijaona. Bantu baliendelea kuita hapa "kwa Muzee" na sikujali. Batoto bangu batatu, Neema na badogo zake, bamekula ku ile mashini, bamesoma ku ile mashini. Baba yao alienda kutafuta maisha Afrika ya Kusini, na mpaka leo hajatuma hata salamu.

Mudogo wangu Déo ako na duka Lilongwe, ku Area 36. Kutia uzi ku sindano hajui. Ni mutu mupole, na namupenda. Jana alifika ametota, matope mpaka magoti, maana kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, yenye ilimutoa barabarani, ilianguka naye. Baba mukubwa Safari na bazee bengine balikuwa bameisha kukaa ku mabenchi ya atelye yangu ya kushona. Nikamuhurumia mudogo wangu. Nikapanguza kiti yenye haiyumbi, nikamwambia akae.

Ilikuwa kiti ya baba.

Kwetu, siku ya kumaliza kilio, mwenye anakalishwa ku kiti ya marehemu njo murithi. Hiyo desturi naijua tangu utoto. Nilimuona Déo ametota, nikafanya vile nilifundishwa kufanya maisha yangu yote: mwanaume akiingia, mutafutie pa kukaa. Sikufikiri kitu kingine.

Baba mukubwa alipiga kofi moja. "Basi, ameisha kukaa," akasema. "Na dada yake njo amemukalisha."

Nilikuwa nimeisha kurudi jikoni; nilitoka na mwiko mukononi, nikasema mashini ni yangu, kila mutu wa hapa anajua nani anaikanyaga. Baba mukubwa hakukasirika. Aligeukia tantine Bora, dada ya baba, maana kwetu mambo ya mabinti shangazi njo anaamua. Tantine alikuwa bado amevaa kikwembe ya bluu. Asubuhi yeye njo alibeba bendera mbele yetu sisi wote. Nilimuangalia, nikapumua.

"Mama Neema bado kijana," tantine akasema. "Akiolewa tena, mashini ya kaka yangu itaenda kulisha bantu ba wapi?"

Hakusema kwa ubaya. Akaomba chumvi ya kuongeza ku sombe.

Angekuwa mwanaume ningejua pa kuweka hasira yangu. Sasa nimebaki nayo tu, naizungusha nyumbani na ufagio.

Halafu Déo, kwa ule upole wake: "Yaya, dada yangu, we tumia tu. Mi sina shida nayo." Bazee bakamusifu, eti mutoto ana akili. Baba mukubwa akaniambia, umeona, hakuna kitu umepoteza.

Hayo maneno sikulala nayo vizuri. Kweli mashini iko palepale, haikusogea hata kidogo. Lakini jana asubuhi nilikuwa fundi, na leo niko fundi kwa huruma ya mudogo wangu. Siku duka itaanguka, ao siku muke wake atasema mashini iletwe, nitajibu nini? Ile ya kufika mbali yenye mugeni alisema, sasa naiona hivi: nimeruhusiwa kufanya kazi yote, na kazi si yangu. Jasho yangu mwenyewe wameniazima.

Saa ine tantine amepita, ameniachia ile kikwembe ya bluu nimupanulie kiuno, inamubana. Akaiweka palepale juu ya kitambaa cha kufunika mashini. Akaniuliza kama nina homa.

Nitamushonea. Batoto balale na njaa ili nimufundishe tantine? Hapana. Iniforme za shule pia zinangojea, kesho kutwa nitakanyaga tena.

Lakini kesho napanda minibasi ya Lilongwe. Nitamwambia Déo arudi hapa, mbele ya balebale bantu, asimame kando ya kiti ya baba, na anikalishe mi kwa mukono yake mwenyewe, vile mi nilimukalisha. Naogopa. Ni mupole, na mutu mupole anaweza kukataa kwa kunyamaza tu. Na baba mukubwa, Déo hajawahi kumupinga hata mara moja.

Kila mara nikienda kwa Déo nabeba chungu ya sombe.

Kesho sibebi.