Asubuhi Tuliyobaki Tisa

Kambi ya Etz Rimon,
S.L.P. 41,
Wisconsin Kaskazini.
Jumapili, 14 Julai 2019.

Mpendwa Mjomba Velvel,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mpwa wako uliyemwacha hana meno ya mbele. Hujambo huko Perth? Mgongo umepona? Mama aliniambia ulianguka ukipaka rangi dari, nami nikamuuliza mtu wa miaka sitini ana kazi gani juu ya ngazi. Mkaza mjomba Philippa hajambo? Na watoto je? Sisi huku wazima, ila mbu wametumaliza, na sauti yangu imekauka kwa kuimba na kugombeza.

Usishangae kupata barua ya mkono. Simu zetu zimefungiwa ofisini tangu siku ya kwanza. Watoto nao lazima waandike nyumbani: Ijumaa jioni kila mmoja anatoa barua mlangoni mwa bwalo, ndipo aingie kula chakula cha Sabato. Wiki hii mmoja wangu aliandika, “Mama, niko hai, naandika ili nipewe kuku.” Nikaipitisha.

Ndiyo, nimepewa kulea wadogo kabisa, wasichana kumi na wawili wa miaka minane. Nilitaka wakubwa, wale wa kupiga gitaa na kubishana habari za Mungu. Badala yake natafuta soksi, nasuka nywele na kukagua meno kama yamepigwa mswaki. Nawahesabu mara arobaini kwa siku, tena kwa mtindo wa Bibi: si mmoja, si wawili, si watatu, ili jicho baya lisijue wako wangapi. Zamani nilikuwa namcheka Bibi. Tangu nianze kuwapeleka hawa ziwani, sicheki tena.

Kati yao yumo Hadas Brodkin. Mama yake alifariki Desemba, wakati wa sikukuu ya Hanuka. Tangu hapo yeye na baba yake hawajakosa hata siku moja kumsomea Kadishi, sala ya wafiwa, na kabla ya Hadas kupanda basi walipatana kwamba baba atasema kule Chicago na yeye atasema huku, saa moja asubuhi ile ile. Kwa hiyo wenzake wakiwa bado wamelala, namwamsha, anavaa viatu bila soksi, tunakwenda kusali na wakubwa. Sheria unaijua mwenyewe: wasipotimia watu wazima kumi wa kwetu Wayahudi, mfiwa ananyamaza. Watoto hawahesabiki, hata wawe mia. Wenzake wakimuuliza anatoka wapi, husema alikwenda kulisha mbuzi.

Jumatano ilikuwa zamu yetu kwenda ng'ambo ya ziwa kulala kwenye mahema. Hadas akagoma kufunga begi.

“Huko kuna kumi?” akaniuliza.

“Wapo walezi wa vibanda vitatu, na wengine. Nimehesabu.”

“Umehesabu vizuri?”

“Hadas, mimi ni mtu mzima.”

“Sikukuuliza hilo.”

Nikamwahidi, Mjomba. Nikaweka na mkono kifuani kabisa. Ndipo akafunga begi.

Kumbe nilikuwa nimehesabu vichwa tu. Katika kumi wangu nilimtia Callum, mwokoaji wetu wa majini, kijana wa Uskoti. Huyu Callum anajua baraka ya mkate kunishinda mimi. Ijumaa anavaa kofia ndogo kama sisi, nyimbo za Sabato anaimba zote, na hata kubishana kwa mikono ameshajifunza. Nimekula naye meza moja wiki tatu na wala haikunipitia kichwani kwamba si mwenzetu. Alhamisi asubuhi tukasimama kando ya maji, Hadas mbele na kitabu chake cha sala. Callum akanivuta shati.

“Tirza, na mimi mmenihesabu?”

“Sasa nimhesabu nani, bata?”

“Dada, babu yangu mchungaji wa kanisa.”

“Acha utani wako asubuhi yote hii.”

“Nilibatizwa hapo hapo kanisani kwake. Nililia sana, wananicheka mpaka leo.”

Hadas alikuwa amesikia. Hakulia, heri angelia. Alifunga kitabu, akakikumbatia, akaangalia saa yake. Ilikuwa saa moja na dakika tano, na baba yake kule alikuwa ameshaanza.

“Ulisema umehesabu,” akaniambia.

Nimegombezwa na Mama, na walimu, na askari wa barabarani. Hakuna aliyewahi kuniumiza vile.

Basi nikakimbia. Naona haya hata kuandika: nilikwenda hema kwa hema, kwa wageni nisiowajua waliopiga kambi jirani, na nguo zangu za kulalia zenye picha za ndizi, nikiuliza kama kuna Myahudi. Unajua swali hilo halirushwi ovyo, maana hujui anayekusikia ana nini moyoni. Wa kwanza akatikisa kichwa. Wa pili akanipa kahawa. Wa tatu alikuwa mzee mnene mwenye kofia ya kuvulia samaki, amekaa mbele ya gari la kulala, anakaanga soseji za nguruwe.

“Samahani, mzee, wewe ni Myahudi?”

“Nani anauliza?”

Hapo nikajua nimefika, maana kwetu swali hujibiwa kwa swali. Akanitazama juu mpaka chini.

“Mko tisa, siyo?”

“Tisa.”

“Kafiwa nani?”

“Mtoto. Ana miaka minane.”

“Dolores!” akamwita mkewe. “Njoo ushike uma, soseji zisiungue!”

Njiani aliniambia anaitwa Sherwin Gittelman, ameuza mazulia Milwaukee maisha yake yote, na mara ya mwisho kusali alikuwa bado ana nywele. “Kwa hiyo kitabu usinipe,” akasema. “Mikono yenyewe inanuka nguruwe.” Akasimama nyuma kabisa. Callum akajitoa bila kuambiwa, akaenda kuwashika watoto wengine na uji wao ili wasije kuchungulia.

Hadas akasema Kadishi yake. Wengi wetu tunayakimbiza maneno yale, lakini yeye huyasema moja moja, na asipoitikiwa hasogei. Mzee Sherwin aliitikia Amina kila mahali panapotakiwa, kwa sauti iliyowarusha ndege. Hakukosea hata mahali pamoja.

Tulipomaliza hakuondoka.

“Ulikuwa unamsomea nani, binti?”

“Mama.”

“Mimi pia nilifiwa na mama. Tulikuwa tumegombana. Nikakasirika, sikumsomea hata siku moja.”

“Anaitwa nani?”

“Ruchel.”

“Mbona hukusema tulipoanza?” Hadas akamgombeza hasa, kama ninavyowagombeza mimi kwa soksi. “Haya, kesho nitamtia kwenye Kadishi.”

Mzee akavua kofia, akaivaa tena, akarudi kwa Dolores bila kuaga. Nilimwona amesimama nyuma ya gari muda mrefu.

Hadas alitimiza. Ijumaa, tumesharudi kambini, alimtaja Ruchel kwa sauti. Tukiwa tunarudi kibandani akaniuliza kama na mimi nina mtu. Nikamtajia Babu Zelig. Akauliza nani anamsomea. Nikasema ni Mama, kila mwaka siku ya kumbukumbu.

“Peke yake?”

“Peke yake.”

“Hana kaka?”

“Anaye, ila yuko mbali sana.”

Akasimama njiani, akanigeukia.

“Huko mbali hakuna watu kumi?”

Swali hilo ni lako, Mjomba. Ndiyo maana nakuandikia.

Sijui wewe na Babu mligombania nini, na wala sikuulizi. Mama naye hasemi. Ninachojua ni kwamba siku hiyo, kila mwaka, husimama pale sinagogini akiacha nafasi ya mtu mmoja upande wake wa kulia, na mtu akitaka kusimama hapo humsogeza kwa upole. Nilidhani ni ya mkoba wake. Mwaka huu siku ya Babu itakuwa Jumatano, 18 Septemba.

Nisalimie mkaza mjomba Philippa, na Reuben, na Elka ambaye nasikia amenipita urefu. Mama hakunituma niandike haya, lakini angejua angekusalimu.

Mungu akujalie afya, na mgongo ulionyooka, na siku hiyo akujalie watu tisa wa kusimama nawe.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye ujibu usijibu,

Tirza