Baiskeli Imefika Kibuta

Kijiji cha Kibuta,
Kisarawe.
22 Agosti, 1976.

Mpendwa Shangazi Sikudhani,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na wote mlio hapo Ujiji. Goti lako linaendeleaje? Siku niliyoondoka ulishuka barazani kwa kujishika ukuta ili uniage, na nimekuwa nikikuona hivyo njia nzima. Sisi huku hatujambo, ila miguu yangu bado inazunguka yenyewe nikilala, kama vile pedali zimo kitandani.

Nimefika, Shangazi. Nimeikata nchi kutoka kwenu ziwani hadi hapa kwetu. Baiskeli ni ile ile, ingawa matairi si yale, na kiti nimekishonea ngozi ya mbuzi niliyopewa Tabora.

Uliniuliza kama wodi ya wazazi ya Kibuta inaweza kujengwa kwa miguu ya mtu mmoja anayezunguka na baiskeli kuomba michango. Kilichonitoa nyumbani unakijua. Mke wangu Mboni alishikwa na uchungu hapa Kibuta, nikamkalisha kwenye karia ya baiskeli hii nimkimbize hospitali Kisarawe, akanifia njiani yeye na mtoto tumboni. Tangu siku hiyo mama yake, mkwe wangu Mwanahalima, hakunisemesha tena. Akisikia kengele ya baiskeli aliingia ndani akafunga mlango.

Jibu nimelipata barabarani. Kila kijiji nilichofika nilieleza habari hiyo, na watu walinisikiliza. Mara nyingi wanawake ndio waliotangulia kusimama na kuchanga. Wakulima wa tumbaku Urambo walitoa mabati, Dodoma wakatoa saruji. Vyote vilipakiwa kwenye garimoshi vikateremshwa stesheni ya Soga, wanakijiji wenzangu wakaenda kuvipokea.

Bahi bibi mmoja hakuwa na kitu ila kuku, akamfunga kwenye usukani wangu na kuniambia nimpeleke kwa wazazi wapate mchuzi. Kuku huyo alitaga njiani, Shangazi. Nililipika lile yai nikala peke yangu pembeni ya reli, nikijiona mwizi.

Kuna kipande cha safari ambacho sina hakika kama nilikuwa macho. Baada ya Manyoni nchi ilifunguka, nyeupe, haina mwisho, upepo ukinipuliza usoni, na mnyororo ukilia kwa sauti moja hadi nikaacha kuusikia. Ndipo nilipohisi uzito nyuma yangu kwenye karia, uzito mwepesi wa mtu aliyekaa upande. Sikugeuka. Nilikanyaga taratibu, nikikwepa mashimo, kama mtu aliyebeba aliyelala. Uzito ule ulikaa nami hadi nikaona mabati ya Kintinku yaking'aa juani, nikashuka, nikalia kidogo, nikanywa maji.

Nilipofika Ruvu ndipo nilipokata tamaa. Miguu ilikuwa ingali na nguvu. Nilichoogopa ni kuingia kijijini na baiskeli hii mbele ya macho ya mkwe wangu. Niliketi kandokando ya mto nikitazama ukungu ukipanda majini, nikawaza kuiacha pale pale na kumalizia kwa miguu.

Saburi, binamu yangu wa Soga, alinifuata hapo. Akaniambia kuwa mabati yalipofika stesheni mkwe wangu alikuja na wanawake wa Kibuta, akajitwika kichwani kama wenzake na kutembea njia yote hiyo kurudi nayo. Nikainuka nikapanda baiskeli yangu.

Niliingia Kibuta asubuhi, watu wamejipanga tangu nyumba ya kwanza, ngoma inapigwa. Mimi nilikuwa natazama mlango mmoja tu. Ulikuwa wazi. Mkwe wangu alitoka, akaja hadi nilipo, akaishika karia kwa mikono miwili. Ngoma ikanyamaza.

"Isihaka," alisema, "niweke hapa alipokaa mwanangu. Unipitishe njia ile."

Akakaa upande, akajifunika khanga vizuri. Sikupanda. Niliikokota baiskeli kwa miguu, yeye juu, tukaliacha kundi la watu nyuma, tukashika njia ya Kisarawe, katikati ya mikorosho, jua likipenya kwenye majani. Tulipofika pale mtelemkoni aliponifia Mboni nikasimama. Alielewa. Akauliza kama Mboni alisema chochote.

Nikamwambia alisema upepo ni mzuri.

Aliuelekeza uso upepo unakotoka. "Alikuwa akiupenda tangu mdogo," alisema. Kisha akasema tugeuze, kesho tuna matofali ya kufyatua.

Matofali hayo tunaendelea nayo hadi leo, na msingi umekwisha chimbwa. Yeye ndiye anayetutekea maji, na akinihitaji ananiita kwa jina.

Nisalimie mzee wako, nisalimie Mwamini na wanawe, na mwambie Zena kofia aliyonishonea imenikinga jua hadi mwisho wa barabara. Mwenyezi Mungu aliyenishika mkono huku kote akulinde huko uliko, na akupe goti la kukufikisha kwetu siku ya kufungua wodi.

Ni mimi, mwana wa kaka yako, nikupendaye sana,

Isihaka Mwinyimadi