Kompyuta Yangu Inataka Baridi

Ijumaa, Februari. Joto la Morogoro leo halina adabu, na mimi sina hamu ya kuongea na mtu.

Naandika haya kwenye intaneti kafe karibu na soko, chini ya feni inayozunguka kama imelazimishwa. Natumia kompyuta ya watu. Ya kwangu, mpakato niliyoinunua Dar es Salaam ikiwa imeshatumika huko ilikotoka, ina ugonjwa mmoja: ikipata joto, inazima. Nikiiwasha nasikia inahema, naona picha ya mwanzo, halafu kioo cheusi. Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akaifunga, na skrubu mbili zikabaki mezani. Akasema hazina kazi.

Shida ni kwamba ndani yake kuna historia ya ndoa ya wazazi wangu, kurasa nne, ya kusomwa kanisani Jumapili hii kwenye jubilei yao ya miaka hamsini. Wadogo zangu walinishauri niandike kwenye daftari. Nikawajibu kwa madaha kwamba mambo ya daftari yamepitwa na wakati. Nilisema hivyo mbele ya ukoo mzima.

Sina nakala nyingine.

Jana nikapata akili, nikaomba ruhusa shuleni ninakofundisha. Kwetu ni juu milimani, karibu na misheni, ambako alfajiri ukiongea mvuke unatoka mdomoni. Ila huko umeme haujafika, na betri yangu ikijaa inadumu dakika ishirini tu. Kwenye umeme kuna joto, kwenye baridi hakuna umeme. Nikapanga niijaze mjini, nipande nayo, niiwashe alfajiri na kunakili kurasa zote nne kwa kalamu, mbio mbio. Ndiyo, kwenye daftari.

Njia yetu ni kali, inataka mikono miwili, kwa hiyo niliifunga mgongoni kwa kanga. Mama mmoja aliyekuwa akirudi kutoka sokoni na tenga tupu kichwani akanipita, akaniuliza kama mtoto hajambo. Nilikuwa sina pumzi ya kueleza. Nikasema anaumwa. Akanipa pole na kuendelea kupanda.

Nilipofika, Mama alikuwa mlangoni akimsubiri mjukuu ambaye hakuwahi kusikia habari zake.

Nikampa shikamoo, nikamweleza kuwa mgonjwa ni kompyuta. Akaishika, akasema, "Maskini, mbona imepoa hivi?" Mimi nikacheka, nikaenda kulala.

Alfajiri nikaikuta jikoni, imeviringishwa blanketi, kando ya mafiga. Mama alikuwa ameamka mara mbili kuichochelea moto. Ilikuwa ya moto kama kiazi kilichotoka majivuni.

Nilijaribu kukasirika, nikashindwa.

Tukaiweka nje kwenye majani yenye umande, tukakaa kuisubiri ipoe, mimi, Mama, na Baba aliyekuwa akichambua maharage. Hatimaye ikawaka. Nikaanza kusoma kwa sauti huku nikinakili: jinsi Baba, akiwa bado kijana, alivyoanzisha shamba letu la kabichi.

"Shamba lipi?" Mama akauliza. "Hili la ukoo wangu? Alilikuta. Alikuja hapa kuoa na jembe moja na jogoo."

Nikamsihi asubiri kidogo, betri inakwisha. Hakusubiri. Alikuwa ameshafika kwenye matuta aliyoyachimba peke yake akiwa na mimba yangu, Baba akiwa anaumwa mguu.

Baba hakuinua macho kwenye maharage. "Hata yule jogoo nilimwazima," akasema.

Mama akageuka, akamtazama. Miaka hamsini alikuwa hajui. Kisha akacheka mpaka akakaa chini, Baba naye akaanza, na nilipokumbuka kuangalia kompyuta, ilikuwa imezima. Nilikuwa nimenakili mistari mitatu.

Mama akajifuta machozi kwa kanga yake, akasema, "Shika kalamu, mwanangu."

Akasimulia mpaka umande ukakauka. Kila alipotulia, Baba aliitikia kwamba ni kweli. Daftari limejaa, na mkono unaniuma mpaka sasa.

Hapa kafe nimeichomeka kompyuta yangu kwenye umeme, kwa mazoea tu. Imewaka. Imekaa dakika kumi, kisha nusu saa, kwenye joto hili hili, bila hata aibu. Kurasa zote nne zimo. Nimezisoma taratibu. Baba yumo kila mahali, analima, anajenga, anasomesha. Mama yumo mara moja, ukurasa wa tatu: "akisaidiwa na mkewe."

Niliandika mimi hayo. Ningesimama mbele yake Jumapili na kuyasoma, huku nikijivunia mashine.

Nitasoma daftari, jogoo wa kuazima akiwemo, na wadogo zangu wacheke wanavyotaka. Kompyuta bado inawaka hapa pembeni yangu, haijawahi kukaa muda mrefu hivi.

Nimeizima mwenyewe.