Rukia Hapelekwi Bara

Mama Rukia,

Ni miye mumeo. Herufi zangu wazijua, zenda upande kama kaa. Vumilia.

Mwanao hapelekwi bara. Nimelisema mwanzo, usije ukangoja.

Ulipofariki, ile homa ilikuwa imeshamlegeza Rukia viungo. Daktari akasema apelekwe bara, kwenye nyumba ya watoto wasiojiweza. Bi Zuhura mkandaji akasema aachwe, viungo vyarudi. Yule Mhindi anyoshaye mifupa kule Ganjoni akasema lake. Mimi hamali wa Kilindini, nimfuate nani?

Daktari naye akachoka. Akawaita wote, pamoja na nesi. Akataka wapatane kipimo kimoja, kila mtoto aangaliwe vile vile. Kila mmoja amtazame Rukia, kisha aseme peke yake kando, mdogo asimfuate mkubwa. Walilopatana libaki. Wasilopatana litupwe.

Akapimwa kuchuchumaa. Kuinuka mkekani. Kupanda kizingiti. Kote huko kila mmoja akasema lake. Bi Zuhura hakunyamaza. Akamwambia Mhindi, "We wanyosha watu au wanyosha nguo?" Mhindi akamjibu, "Na wewe wakanda watu au wakanda unga?" Nesi alicheka mpaka akaketi.

Kisha mkono wa kushoto. Daktari akamnyoshea halua, aipokee kwa mkono huo. Rukia akaukunja kifuani. Mmoja mmoja wakasema: mkono umekufa. Hapo ndipo walipopatana, Mama Rukia! 

Nesi akamuuliza, "Mbona huchukui, mwanangu?"

"Mama kanikataza. Mkubwa hapokelewi kwa kushoto."

Wakatazamana. Bi Zuhura akajipiga kipaji cha uso. Mtu wa Mji wa Kale, naye kasahau! Kipimo kile wakakitupa. Wakapatana mtoto apewe kitambaa kibichi, akikamue kwa mikono miwili. Alikikamua mwanao, maji yakamrukia daktari viatuni.

Wakaulizwa tena, kila mtu kando. Neno likawa moja: abaki kwa babake.

Najivuna, mke wangu. Si kwa viungo tu. Wewe hupo, na malezi yako yalisema mbele ya wakubwa wale. Nililia pale pale, hamali mzima.

Nikitoka kazini nakuita mlangoni. Bado. Kisha nakumbuka.

Mungu akulaze pema. Idi ikifika tutakuja makaburini. Naahidi sitamshika mkono. Atakuja kwako kwa miguu yake, hata kama asubuhi nzima itatuishia njiani.

Mumeo,
Baba Rukia