Kisima cha Alama Tisini na Tano

Mwanatumu, uko? Leo nimeaibika, sijui uso niuweke wapi.

Unakijua kile kisima cha Waorma nje ya Garsen, kilichochimbwa 1956? Miaka yote hiyo kila mpita njia anakunywa. Mwaka jana shirika letu la maji lilinituma kupima kama kitadumu, nikakipa alama ishirini kwa mia. Hakina kamati, hakina mfuniko, hakina kufuli. Nikawaambia, "Hiki hakitadumu."

HAKITADUMU! Mimi huyu, mtoto wa juzi.

Basi wakanisikiliza. Leo nimerudi: kamati ipo, mfuniko upo, kufuli linang'aa. Alama tisini na tano! Nikawapongeza, nikaomba maji ya kunywa.



Mzee Halkano akasema, "Mwenyekiti alikifunga juzi, akaenda na ufunguo harusini Bangale."

Bangale, Mwanatumu, safari ya siku nzima!! Na ng'ombe wamesimama pale wananitazama mimi.

Nikasema, "Si mvunje?"

"Tukivunja, si utatupunguzia alama?"

Mama Gumato akanionea huruma, akanimiminia kikombe kutoka mtungi wake.

"Kunywa, mwanangu. Haya tuliyachota kabla kisima hakijaanza kudumu."