Mashine ya Kukimbilia ya Mama Neema

Jumatatu, 5 Mei

Saa moja asubuhi. Mazoezi ya Nakijwa. Kukaa na kusimama mara kumi, mikono imeshika ukingo wa kitanda. Leo ameishia saba. Anasema miguu imekataa. Siyo miguu. Amechoka kunisikia mimi mumewe nikihesabu kana kwamba bado niko darasani.

Wiki ya tisa tangu apasuliwe nyonga. Fremu yake ya kutembelea inateleza, raba ya mguu mmoja imelika. Nilisema nitanunua nyingine. Sijanunua.

Neema kapiga simu kutoka Mikocheni. Ana zawadi ya mama yake, inafika Jumatano. Hataki kusema ni nini. Binti yetu huyu tangu utoto anapenda kushtukiza watu. Mimi sipendi kushtukizwa.

Jumatano, 7 Mei

Ni mashine ya kukimbilia. Ya umeme. Wanaume watatu wameishusha kwenye pikapu, ikawatoa jasho. Ilikuwa ya mfanyakazi mwenzake Neema aliyehamishiwa Dodoma. Makochi mawili yamehamishiwa barazani ili ienee sebuleni.

Nakijwa alipiga makofi. Tangu atoke hospitali sijamwona na uso ule. Neema akasema, "Sasa Mama atembee humuhumu ndani. Hakuna matope, hakuna kuteleza." Kisha akawahi kazini.

Nikabaki naitazama. Pa kupandia ni juu, karibu nusu ya muundi wangu. Vyuma vya kushikia ni vifupi, vinaishia mbele. Mtu akirudi nyuma hatua mbili hana kitu cha kushika. Maandishi ya vitufe nayasoma na miwani na bado nakodoa. Inatakiwa iwe na kamba ya kujibana kwenye nguo, ili ukiteleza mashine izime yenyewe. Hii kamba yake ilipotea zamani. Wamebandika sumaku mahali pake ili ikubali kuwaka.

Sikusema kitu. Naiogopa. Naogopa zaidi kuuzima ule uso.

Alhamisi, 8 Mei

Nakijwa anataka kuanza leo. Nikamwambia tumsubiri Rehema, binti wa mazoezi ya viungo anayekuja kila Jumanne. Akasema Rehema ndiye aliyesema atembee, sasa anataka kutembea, tatizo liko wapi? Nikamwambia plagi haiingii kwenye soketi zetu. Mpaka nitafute adapta.

Uongo. Inaingia vizuri kabisa. Miaka thelathini na miwili nimewaadhibu watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huu.

Ijumaa, 9 Mei

Nimefanya ujinga. Niuandike ulivyokuwa.

Saa nne Nakijwa alikuwa uani na jirani yetu Mama Shabani, wanachambua mchele. Nikajiambia, ijaribu wewe kwanza. Ikiwa salama, mwache apande. Ikiwa mbaya, utakuwa na la kumwambia Neema. Nikachomeka. Nikapanda na ndala miguuni. Miwani niliiacha mezani.

Ilianza polepole. Nikaona kumbe naweza. Dakika moja, mbili. Nikataka kupunguza mwendo, nikabonyeza. Ukaongezeka. Nikabonyeza tena. Ukaongezeka tena. Sasa nakimbia, mimi mwenye miaka sabini na moja, ndala moja imeshanitoka. Hapo umeme ukakatika. Mkanda ukasimama. Mimi sikusimama. Kifua kikagonga chuma cha mbele, nikashuka chini kama gunia.

Nilikaa pale sakafuni sijui muda gani. Nawasikia wanawake wanacheka uani. Nikawaza kitu kimoja tu: angekuwa yeye. Na vile vyuma alivyowekewa.

Nikainuka kwa kushika meza. Nikachomoa waya. Sijamwambia mtu. Naona aibu.

Jumamosi, 10 Mei

Mbavu za kushoto. Siwezi kukohoa, siwezi kucheka, ingawa la kuchekesha halipo. Nakijwa anadhani nina mafua. Amenichemshia tangawizi, amesimama jikoni kwa fremu yake kunichemshia. Nimeinywa nikiwa nimeinamisha macho.

Neema anataka video ya mama yake akiwa juu ya mashine. Kapiga mara mbili. Nakijwa amevaa trakisuti mpya tangu asubuhi, anasubiri adapta. Mchana uvumilivu ukamwishia. "Mwalimu, wewe unataka nikae kitini mpaka niote mizizi." Akaongeza kwamba ugonjwa wake nimeanza kuupenda. Kwamba sasa napika mimi, napanga mimi, naamua mimi, na nimenogewa.

Limeniuma kuliko mbavu. Sina hakika kama si kweli.

Jumapili, 11 Mei

Nilikwenda ibada ya kwanza. Mama Shabani akabaki na Nakijwa. Nilirudi saa nne kasoro. Nilipofika barazani nikasikia mlio ndani. Pii. Pii.

Alikuwa juu yake. Trakisuti, kilemba, mikono miwili imeng'ang'ania chuma. Mama Shabani amesimama nyuma amemshika kiuno, eti kumsaidia. Mmoja angeanguka, wangeanguka wote. Mkanda ulikuwa bado haujaanza, namba kwenye kioo zinarudi nyuma. Tatu. Mbili.

Nikapiga kelele. Miaka arobaini na miwili ya ndoa sijawahi kumpigia kelele ya namna ile. Nikaruka ukutani nikachomoa waya, na maumivu yakanikalisha chini palepale.

Nikajikongoja. Tukamshusha mimi na Mama Shabani, mguu mmoja mmoja. Akanigeukia.

"Umenidanganya. Plagi imeingia bila shida yoyote."

Nikafungua vifungo vya shati. Ubavu mzima umekuwa zambarau. Mama Shabani akasema, "Ya Rabi," akajiondokea taratibu kwenda kwake.

Nakijwa akauangalia ule ubavu. "Lini?"

"Ijumaa."

"Na jana nakuchemshia tangawizi."

Basi. Hajasema neno jingine mpaka sasa naandika. Nilidhani nikimwonyesha atanihurumia. Sikumjua vizuri.

Jumatatu, 12 Mei

Nilipika uji. Aliunywa akiangalia ukuta. Mazoezi kayafanya peke yake, mlango umefungwa. Nimesimama nje ya mlango kama mlinzi asiyetakiwa.

Neema kaja baada ya kazi. Nilikuwa nimemwandalia maneno siku nzima, na nilimpa yote. Nilimwambia amemletea mama yake jeneza la umeme. Neno baya. Nikaliona linavyomwingia na sikuweza kulirudisha.

Akalia. Mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, amesimama, mkoba bado begani. Akasema siku mama yake alipoanguka uani, aliyekuwa akipiga simu ni yeye. Alipiga mara nne mfululizo kuuliza jambo la kipuuzi tu, na mama yake akaikimbilia simu juu ya saruji yenye maji.

"Mie ndo nilimvunja, Baba. Nikataka mie ndo nimrudishe kutembea."

Nilikuwa sijui. Nakijwa alijua siku zote. Miezi miwili amemfichia siri mtoto wake, hata kwangu. Akamwita Neema akae naye kitandani, akamvua ule mkoba begani. Mimi nikatoka barazani nikakaa peke yangu. Nimejiona mtu mdogo sana.

Jumanne, 13 Mei

Rehema kaja. Nimemweleza yote, sikuruka kitu. Akaizunguka mashine, hakumcheka mtu. Akaweka stuli fupi mbele ya Nakijwa, akamwambia apande kwa mguu wa kushoto, yeye amemshika. Mguu haukuinuka. Akajaribu tena. Haukuinuka. Nakijwa akageukia dirishani. Nilitamani niwe katika chumba kingine.

Rehema akachuchumaa mbele yake. "Mama, shikamoo nilishakupa, sasa nakupa ukweli. Hii haikufai kwa sasa, na huenda isikufae kabisa. Kifaa chochote watakachokuletea, hata kiwe kizuri vipi, jiulize kwanza: nikichoka ghafla, nashukaje? Kama jibu ni kuruka, kikatae."

Nakijwa akaitikia kwa kichwa. Kwa Rehema anaitikia.

Vinavyomfaa: kiti kizito chenye mikono, kisicho na magurudumu, urefu wa kumwezesha kukanyaga chini vizuri. Mpira wa kuvuta kwa miguu akiwa amekaa. Pedeli za kuweka sakafuni mbele ya kiti. Viatu vyenye kisigino kilichofunga, siyo ndala. Na raba mpya za fremu, leo, siyo kesho. Hapo Rehema akanitazama mimi.

Kisha akanigusa ubavu, nikaruka. Akanifukuza kwenda hospitali. Eksirei inaonyesha ubavu mmoja una ufa. Vidonge vya maumivu, na kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa kwa siku hata kama inauma. Inauma.

Nimerudi na raba. Nimezifunga mwenyewe, zote nne. Nakijwa aliniangalia nikifunga.

Jumamosi, 17 Mei

Duka la vifaa vya mazoezi, Mikocheni, Neema kaendesha. Nilikuwa nimepanga kwenda peke yangu nikachague. Nakijwa akauliza, "Kwani mguu ni wa nani?" Ndiyo sentensi ya kwanza kunipa tangu Jumapili. Nikamfungulia mlango wa gari.

Muuzaji ni bwana wa makamo, mwenye tai na maneno mengi. Kwanza akaleta baiskeli ya mazoezi yenye tandiko jembamba. Nakijwa akauliza inapandwaje. Bwana akarusha mguu juu kuonyesha. "Mimi nina vyuma humu, baba. Nionyeshe cha mtu asiyerusha mguu." Ikaja mashine ya kutikisa mwili. Nakijwa akaiwekea kiganja, akakitoa haraka kama aliyegusa sufuria.

Halafu pedeli. Akakaa, akakanyaga. Vigae vya pale vinang'aa kama kioo. Pedeli zikakimbia mbele zenyewe, mguu ukafyatuka, mwili ukaufuata. Neema akamdaka bega. Nilimwona tayari yuko chini, nikaiona tena hospitali, kitanda, mabomba.

Bwana akasema, "Hizi ndizo zinazouzwa sana, Mama."

"Zinauzwa kwa nani? Mlete nimwone magoti yake."

Sauti yake haikutetemeka. Yangu ingetetemeka. Nilisema twende nyumbani, inatosha. Akakataa. Akataka nyingine. Bwana akaenda stoo, akarudi na pedeli nzito, miguu mipana yenye raba, na mkanda wa kuifunga kwenye mguu wa kiti isikimbie. Nakijwa akakaa, akaweka miguu, akakanyaga, akatoa miguu, akasimama. Mara tatu. Sisi tumekatazwa kumgusa. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Hii," akasema.

Ndani ya gari alikaa nyuma na mimi. Tulipofika Mbezi aliweka mkono juu ya goti langu. Akauacha hapo mpaka nyumbani Kibamba.

Jumatano, 21 Mei

Mashine imeondoka. Neema ameichukua akaiweke kwake aitumie mwenyewe. Aliniomba radhi, nami nikamwomba, kwa lile neno. Tuliombana haraka haraka getini, kama watu wanaopokezana mzigo.

Kiti kimetoka kwa fundi seremala. Mninga mtupu, nakisukuma kwa shida. Nakijwa alikikalia mara moja akakirudisha, kiko chini mno. Fundi kakiongezea miguu. Sasa kinamkubali.

Pedeli dakika tano. Nilisimama karibu, mikono mbele, tayari kudaka. "Mwalimu, unanipumulia." Nikarudi nyuma. Nikakaa. Ni kazi ngumu kukaa. Akinyamaza chumba cha pili nabana pumzi na kusikiliza. Nimemwambia hivyo leo, kwamba naogopa. Akasema na yeye anaogopa, kila siku, kila anapoinuka. Hakuwahi kuniambia. Wala mimi sikuwahi kumuuliza.

Jumapili, 1 Juni

Mvua haijanyesha tangu Alhamisi. Njia imekauka.

Wakati wa chai Nakijwa alivaa viatu vilivyofunga, akachukua fremu, akasema anakwenda kwa Mama Shabani. Hakuomba ruhusa. Nikainuka kumsindikiza. Akanitazama. Nikakaa tena.

Nilimfuata kwa macho kupitia dirisha. Fremu, mguu, mguu. Fremu, mguu, mguu. Katikati ya njia alisimama. Nikashika nondo za dirisha. Alikuwa anapumua tu. Akaweka sawa kitenge chake, akaendelea.

Nikasikia "Hodi" yake, na Mama Shabani akiitikia, "Karibu, karibu ndani."

Nikarudi mezani. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.